Gusa boneti kwanza: filamu za zamani za majaribio ya motokaa

Kila aliyewahi kuona filamu ya motokaa za zamani anakumbuka jambo moja: kila kitu kinakimbia. Wanaume wenye kofia wanavuka barabara kama watu wanaofukuzwa na nyuki, farasi wanachezesha miguu kama sindano ya cherehani, na motokaa yenyewe inarukaruka kama imekanyaga makaa. Tunacheka, watoto wetu wanacheka, kisha tunaondoka tukiamini kwamba watu wa miaka ile walikuwa na papara na magari yao yalikuwa vichekesho.

Kicheko hicho kinawaonea. Kasi ile si yao, ni yetu. Kamera ya wakati ule ilizungushwa kwa hendeli, kwa desturi mizunguko miwili kwa sekunde, na kila mzunguko ulipitisha fremu nane. Hizo ni fremu 16 kwa sekunde, zikizidi au kupungua kwa kutegemea mkono wa mpiga picha, baridi ya siku ile na uchovu wake. Sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ikafungwa kwenye fremu 24. Mkanda wa fremu 16 ukionyeshwa kwa fremu 24, kila kilichomo kinaongezewa nusu ya kasi yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1896 ilitaja kikomo cha maili 14 kwa saa, yaani kama kilomita 22. Dereva aliyeitii kwa adabu zote leo anaonekana kwenye kioo cha simu akienda kilomita 33. Tena wapo waliozungusha polepole kwa makusudi, hasa kwenye vichekesho vya Marekani, ili magari yaonekane yanapaa.

Naanza na kasi kwa sababu ni kosa lililo wazi na linarekebishika: anayeweka mkanda mtandaoni anaweza kuurudisha kwenye mwendo wake, na wapo wanaofanya hivyo kwa uangalifu mkubwa. Lipo kosa jingine lililojificha zaidi, nalo ndilo lililonikalisha kuandika. Tunazitazama filamu hizi kama ushahidi. Mtu anaona gari la mwaka 1911 likipanda mlima, anaona jingine la mwaka 1934 likisukumwa kutoka juu ya jabali na bado likaondoka kwa injini yake, anasema: hayo ndiyo yalikuwa magari. Haulizi nani aliiita kamera, wala kamera ilifika saa ngapi.

Mjomba wangu alikuwa fundi gereji Morogoro kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu walimchukua awakagulie magari ya kununua mkononi kabla hawajatoa pesa, na likizo za shule nilimfuata nikibeba kikapu cha spana. Alikuwa na tabia moja. Akifika kwa muuzaji, kabla salamu hazijaisha, anaweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, anatafuta kivuli anakaa. "Hili limeshaamshwa, mjomba," ananiambia, akiniita kwa jina lile lile ninalomwita mimi. "Tungoje lipoe, tuliamshe wenyewe." Injini yenye ugonjwa huuonyesha asubuhi, ikiwa baridi: inakohoa, inatoa moshi, inagoma. Muuzaji anayelijua hilo huiwasha mapema, ikapata moto, ikatulia, ndipo anampigia mnunuzi simu. Hakuna uongo uliosemwa hapo. Injini inavuma vizuri kweli. Ila mnunuzi ameonyeshwa saa iliyochaguliwa.

Filamu nyingi za zamani za majaribio ya motokaa zina boneti ya moto.

Sinema na motokaa ni watoto wa rika moja. Tarehe 11 Juni 1895 magari yaliondoka Paris kwenda Bordeaux na kurudi, kilomita zipatazo 1,178. Émile Levassor akaendesha gari lake la Panhard kwa takriban saa 48 na dakika 48, karibu peke yake muda wote, wastani wa kilomita 24 kwa saa. Siku zile zile ndugu Lumière walikuwa Lyon, kwenye mkutano wa vyama vya wapiga picha, wakiwaonyesha wenzao mashine yao mpya ya picha zinazotembea. Onyesho la kulipia kiingilio lilikuja Desemba mwaka huo huo, Paris. Mashine zote mbili zilihitaji mkono wa mtu uzungushe hendeli ndipo ziamke. Mjomba alinieleza kwamba jina la tanboi kwenye malori ya zamani lilitokana na kijana aliyekuwa akiizungusha hendeli hiyo mbele ya gari. Kwenye gari mkono ulianza kupumzishwa mwaka 1912, Cadillac ilipoweka stata ya umeme. Kwenye kamera uliendelea kufanya kazi miaka mingi baadaye.

Mwanzoni sinema haikuwa rafiki wa motokaa. Mwaka 1900 Mwingereza Cecil Hepworth alitengeneza filamu fupi ambayo gari linaijia kamera moja kwa moja mpaka linamgonga mtazamaji, na nyingine ambayo gari linalipuka na viungo vya abiria vinaanguka kutoka angani. Watazamaji walipenda, kwa sababu hofu ilikuwa ya kweli: wengi wao walikuwa bado wanatembea kwa miguu au kwa farasi, na waliolipa gharama ya vumbi na ajali si waliokuwa na magari. Hilo likumbukwe unapotazama filamu za watengenezaji zilizofuata. Zilikuwa na mashtaka ya kujibu.

Ushahidi ninaoupenda kuliko yote hautoki hata kwenye filamu ya majaribio. Mwanzoni mwa 1906 ndugu Miles waliweka kamera mbele ya tramu ya kebo huko San Francisco wakateremka nayo barabara ya Market mpaka kwenye jengo la vivuko, dakika zipatazo 13. Muda mfupi baadaye, tarehe 18 Aprili, tetemeko na moto vikauteketeza mji huo. Mamilioni ya watu wameutazama mkanda huo mtandaoni, wengine ukiwa umetiwa rangi za kubuni na fremu za kompyuta katikati ya fremu halisi, na kinachowashangaza wengi ni wingi wa motokaa. Zinapita kushoto, zinakatiza kulia, zinapenya kati ya farasi na watu.

Waliozifuatilia gari moja baada ya jingine wamegundua kwamba karibu zote ni zile zile. Zinaipita kamera, zinazunguka nyuma ya tramu, zinarudi tena. Moja inarudi mara kumi. Mwaka 1906 motokaa ilikuwa bado kitu cha ajabu San Francisco, na inaelekea madereva walipangwa wazunguke ili mji uonekane umeendelea na umejaa magari. Mamia ya wachuuzi na wapita njia ni wa kweli, farasi ni wa kweli, majengo yaliyoanguka siku chache baadaye ni ya kweli. Usasa peke yake ndio uliopangwa.

Aliyelisukuma mbele suala la tarehe ya mkanda huo ni mwanahistoria wa sinema David Kiehn. Kabla yake ulihesabiwa kuwa wa Septemba 1905. Yeye akaangalia madimbwi barabarani, akayalinganisha na taarifa za mvua za magazeti, akasoma namba za magari na kutafuta yalisajiliwa lini. Namtaja kwa sababu alifanya kile mjomba alichokuwa akifanya: aliitazama pembe ambayo hakuna aliyemwelekeza aitazame.

Sasa mlima. Mei 1911 Henry Alexander, kijana wa Edinburgh ambaye baba yake alikuwa wakala wa Ford, alipanda na Model T kwenye Ben Nevis huko Scotland, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345. Ilikuwa tangazo tangu mwanzo. Model T ilikuwa imetoka mwaka 1908, Waingereza waliidharau kama gari jepesi la bei nafuu kutoka Marekani, na familia hiyo ilitaka kuuza magari hayo. Kamera ilikwenda naye, na mkanda upo hadi leo.

Nimeutazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mara ya kwanza unaona gari. Magurudumu membamba kama ya baiskeli, mwili mrefu kutoka ardhini, linatambaa juu ya mawe. Ukiutazama mara ya tano unaanza kuona wanaume. Wapo kila mahali: wanavuta, wanasukuma, wanaondoa mawe, wanasimama pembeni wakiwa tayari kulishika lisibingirike. Kupanda kulichukua siku tano. Mlima wa mita 1,345 mtu mwenye afya huupanda na kushuka kwa siku moja. Kwa hiyo kilichojaribiwa kwenye tope lile ni gari pamoja na kundi zima la watu wenye mitaimbo na subira.

Sisemi hivyo kulidhalilisha gari. Model T ilistahili sifa zake. Chesisi yake ilikuwa ya chuma cha vanadi, ilipinda bila kuvunjika, na springi zake za kukingama ziliruhusu gurudumu moja lipande jiwe huku mengine yakibaki chini. Mtu aliyewahi kuendesha gari kwenye barabara ya makorongo wakati wa masika anajua thamani ya hilo. Tena Alexander alishuka nalo salama mbele ya umati, akarekebisha breki katika mji wa Fort William, akaliendesha mpaka Edinburgh. Hapo ndipo jaribio halisi lilipokuwa: baada ya mateso yote hayo, kazi ya kawaida ya barabarani. Lakini safari ya barabarani haina mvuto wa picha, na kinachokumbukwa ni mlima. Mwaka 1928 alirudi mlimani na Model A, Ford ilipokuwa na gari jipya la kuuza. Mwaka 2011 watu wapatao 60 walibeba Model T vipande vipande mpaka kileleni kuadhimisha miaka mia. Wale wabebaji wa 2011, kwa maoni yangu, waliisimulia hadithi ya 1911 kwa ukweli kuliko mkanda wenyewe.

Ford alilielewa somo. Mwaka 1914 kampuni yake ilianzisha idara yake ya filamu, ikatengeneza mikanda ya habari na elimu iliyopelekwa kwenye kumbi za sinema. Mkusanyiko huo ulikabidhiwa kwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani mwaka 1963, na sehemu kubwa ya tunachodhani tunakijua kwa macho kuhusu viwanda vya Detroit inatoka humo. Ni hazina, nawashukuru walioitunza. Ila mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa mwenye kamera.

Majaribio yenyewe, yale yaliyobadilisha magari, mara nyingi hayakuwa na cha kuonyesha. Mwaka 1908 wakala wa Cadillac mjini London alipeleka magari matatu kwenye uwanja wa Brooklands, uliokuwa umefunguliwa mwaka mmoja kabla. Chini ya macho ya wasimamizi wa klabu ya magari ya kifalme ya Uingereza, magari yote matatu yalifunguliwa mpaka skrubu ya mwisho. Vipande vikachanganywa. Baadhi vikaondolewa kabisa na kuwekwa vingine kutoka stoo ya wakala. Kisha mafundi wakaambiwa wayaunde upya magari matatu kutoka kwenye lundo lile kwa spana na bisibisi tu, bila tupa wala nyundo ya kulazimisha. Wakayaunda, yakawaka, yakazunguka uwanja maili 500. Cadillac ikapewa tuzo ya Dewar.

Wakati ule fundi alikuwa anatia kila kipande tupa mpaka kikubali kukaa mahali pake, na kipande cha gari hili hakikuingia kwenye gari lile hata kama yote mawili yalitoka kiwanda kimoja wiki moja. Leo mtu anatoka Songea kwenda Kariakoo na namba ya chesisi kwenye karatasi, ananunua bearing, anarudi nayo, inaingia. Biashara nzima ya spea, kuanzia duka kubwa mpaka kijana anayetembeza plagi mkononi, inasimama juu ya wazo lililothibitishwa kwenye banda lile la Brooklands. Hilo ndilo jaribio ambalo ningelitaka nilione kwa saa nzima, dakika kwa dakika. Lakini ni wanaume wameinama wakikaza nati, na hakuna anayelipa kiingilio kuona nati.

Ndivyo ilivyo pia kwa viwanja vya majaribio vilivyofuata. Fiat ilipoufungua mtambo wake wa Lingotto mjini Turin mwaka 1923, magari yaliundwa kuanzia ghorofa ya chini kwenda juu, yakatokea kwenye paa lenye njia ya mzunguko ya zaidi ya kilomita moja, yenye kona zilizoinuka kama bakuli. Picha za magari yakikimbia juu ya paa na mji ukiwa chini zilienea duniani. Mwaka mmoja baadaye General Motors ilifungua uwanja wa Milford, Michigan, ambako kazi ilikuwa kurudia: kilima kile kile, tope lile lile, kipimo kile kile, usiku na mchana, mpaka kitu kikatike. Lingotto ndiyo iliyopata umaarufu wa picha. Ukiniuliza wapi gari lilikuwa linaulizwa maswali magumu zaidi, nitakuonyesha Milford.

Nifike kwenye jabali, maana hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka.

Januari 1934 Chrysler ilitoa gari liitwalo Airflow. Wahandisi wake, Carl Breer akiwaongoza, walikuwa wamejenga handaki la upepo na kupitisha ndani yake vielelezo vidogo vingi vya magari. Waligundua kwamba magari ya wakati ule yalikuwa na umbo baya kiasi kwamba yangeukata upepo vizuri zaidi yakienda kinyumenyume. Wakalichora gari upya: pua ya mviringo, injini ikasogezwa mbele, abiria wakakaa katikati ya ekseli badala ya juu ya ile ya nyuma, na bodi ikafungwa pamoja na fremu ya chuma kama daraja. Lilikuwa gari la kesho. Watu wakalikataa kwa sura yake, na uvumi ukaenea kwamba si salama.

Kampuni ikajibu kwa filamu. Kwenye jabali la futi 110, yaani mita 33 na kitu, jimboni Pennsylvania, Airflow tupu ilisukumwa ikaanguka, ikapinduka magurudumu juu, ikabingirika mpaka chini. Wakaisimamisha. Mtu akaingia, akawasha, akaondoka nayo, imebondeka lakini inatambulika. Ni picha ya kusisimua kweli, na hakuna udanganyifu ndani yake ninaoujua mimi. Bodi ilikuwa imara. Hilo lilithibitika.

Tatizo ni kwamba bodi haikuwa ugonjwa. Fred Breer, mwana wa yule mhandisi, alieleza baadaye kwamba magari elfu mbili hadi tatu ya kwanza yalitoka kiwandani na kasoro kubwa, ikiwemo injini kung'oka kwenye vishikizo vyake gari likifika maili 80 kwa saa. Hebu fikiria mnunuzi wa mwaka 1934 aliyeiona filamu ile akashawishika, akaingia dukani. Swali lililomhusu ni kama injini itakaa mahali pake barabarani. Swali alilojibiwa ni kama gari litastahimili jabali ambalo hakuna mtu mwenye akili atakayelikaribia. Jibu lilikuwa sahihi, kwa swali lililochaguliwa na muuzaji. Mwaka 1937 Airflow ikafikia mwisho wake, na soko likaendelea kuogopa maumbo mapya kwa miaka, jambo ambalo naliona ni hasara, kwa sababu wahandisi wale walikuwa sahihi kuhusu upepo.

Kuna kitu kingine kwenye filamu ile ambacho hakizungumzwi. Gari lilikuwa tupu. Wanaoisambaza leo huandika kwamba zamani magari yalitengenezwa kwa chuma cha kweli, siku hizi ni bati na plastiki, gusa kidogo limekunjika. Nimesikia kauli hiyo vijiweni, gereji, hata kwa madereva wa mabasi wenye uzoefu mkubwa, na naichukulia kwa uzito kwa sababu inaua. Gari lisilokunjika linapogonga halimezi nguvu ya mgongano. Inaendelea mpaka kwa aliyekaa ndani. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz aliliona hilo, akapata hataza mwanzoni mwa miaka ya 1950 ya gari ambalo mbele na nyuma hukunjika ili chumba cha katikati kibaki kizima. Wazo hilo liliingia kwenye gari la kuuzwa mwaka 1959.

Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani inayofadhiliwa na makampuni ya bima ya Marekani ililigonganisha Chevrolet Bel Air la mwaka 1959 na Chevrolet Malibu la mwaka 2009. Filamu ipo, kila mtu anaweza kuitafuta. Bel Air, lile kubwa, zito, la chuma cha kweli, chumba chake cha dereva kilibomoka na usukani ukamfuata yule sanamu aliyekaa kwenye kiti. Mtu halisi asingepona. Wa Malibu angetoka na jeraha la mguu. Tofauti kati ya filamu hiyo na ile ya jabali ni nani alikuwa ndani. Mmoja aliweka sanamu lenye vipimo, mwingine aliacha kiti kitupu.

Sasa nije kwenye filamu zinazotugusa sisi moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1920 bara letu lenyewe liligeuzwa uwanja wa majaribio, na kamera ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Tarehe 23 Septemba 1924 Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella waliondoka Cape Town na magari mawili ya Crossley, wakiwa na mpiga picha T. A. Glover. Walifika Cairo tarehe 24 Januari 1926, miezi 16, wakipitia pia Tanganyika na Kenya. Mwezi mmoja baada yao kuondoka, tarehe 28 Oktoba 1924, msafara wa Citroën uliondoka Colomb-Béchar, Algeria, ukiwa na magari manane yenye minyororo ya mpira nyuma badala ya magurudumu, ubunifu wa Adolphe Kégresse aliyewahi kuhudumia magari ya mfalme wa Urusi. Wakuu wake walikuwa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, na mtengeneza filamu Léon Poirier alikwenda nao. Walivuka Sahara, wakapita Chad na msitu wa Kongo, na walipofika Kampala wakagawanyika makundi manne: moja likashika njia ya Mombasa, moja ya Dar es Salaam, moja ya Msumbiji, moja ya Cape Town. Haardt alimaliza Antananarivo tarehe 26 Juni 1925. Machi 1926 sinema yao ilionyeshwa kwa fahari kubwa kwenye jumba la Opera la Paris.

Tangazo lilikuwa kwamba gari la Citroën limeishinda Afrika. Crossley nayo ilipata sifa ya kwenda kutoka rasi mpaka Cairo. Lakini zitazame filamu za safari za namna hii kama nilivyokuomba uutazame mkanda wa Ben Nevis, mara ya tano, ukiliacha gari. Watu wako kwenye kamba. Watu wako kwenye maji hadi kifuani. Watu wamekata njia, wamelaza magogo juu ya tope, wamejenga vivuko vya mitumbwi iliyofungwa pamoja ili gari livuke. Kamera inaporudi kwa dereva anayetabasamu, watu hao wanakuwa mandhari.

Hapa kuna tofauti na Scotland ambayo sitaki ipite kimya. Waliomsaidia Alexander walikuwa watu huru kwenye mlima wa kwao. Katika makoloni ya wakati ule kazi ya barabara mara nyingi ilikuwa ya lazima, kwa amri ya serikali kupitia kwa machifu, au ya kutafuta pesa ya kodi ya kichwa. Kwa hiyo filamu inayosema gari hili limevuka Afrika imeacha kutaja sehemu ya mtambo uliolivusha. Mtengenezaji alipima injini, minyororo na matumizi ya petroli. Misuli iliyovuta pale vyote vitatu viliposhindwa haikuingia kwenye daftari lolote la majaribio, ingawa imo kwenye mkanda, wazi kabisa.

Na kuwa kwenye mkanda ndiko kunakonifanya nisizitupe filamu hizi. Mpiga picha alitumwa kurekodi gari, akarekodi na kilichokuwa jirani nalo: uso wa mtu, namna ya kufunga shuka, umbo la mtumbwi, paa la nyumba, kilima ambacho hadi leo hakijahama. Kiehn aliutambua mwezi kwa madimbwi na namba za magari. Mzee wa Mombasa anaweza kutambua kona ya mtaa kwa baraza na mlango wa nakshi. Mvuvi wa ziwani anaweza kusema mtumbwi ule ni wa upande gani. Kwa kuwa filamu hizi hazina sauti, anayejua Kiswahili au Kiganda anaweza kuukazia macho mdomo wa mtu anayehesabu mwenzake avute, akalijua neno.

Inatajwa kwamba msafara wa Citroën ulipiga mkanda wa mita 27,000. Kwa fremu 16 kwa sekunde hizo ni kama saa 24 za picha, na sinema iliyopelekwa Opera ilikuwa sehemu ndogo tu ya hizo. Ningependa idara zetu za historia, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, ziandike barua pamoja kwa hifadhi za Ulaya kuomba nakala za safari hizi mbili, kwa kasi yake sahihi, bila rangi za kubuni, na hasa vipande vilivyokatwa. Kisha zionyeshwe ukutani Kampala, Mombasa, Dar es Salaam na Kisangani, kukiwa na wazee mbele na mtu wa kuandika pembeni. Waanze na vipande ambavyo gari limekwama.